Bila Mchanga

Jumamosi, saa nne, duka kuu la Lyon.
Kati ya rafu ya jibini na ya chakula cha paka
wamenipa meza, aproni ya kijani,
vijiko vya mbao vidogo kama vya kunyweshea mtoto dawa,
na maneno matatu ya kusema huku natabasamu:
ya kale, nyepesi, haina gluteni.

Nimeyasema mara mia mbili.
Ulimi umekuwa mhuri.

"Huu ni mchanga?" aliuliza mtoto mmoja.
Mamaye akamfinya,
lakini mtoto hakukosea sana.
Punje ya fonio ukiiangusha umeipoteza,
ukipiga chafya umefukuza mlo wa asubuhi.
Na udongo wa Futa Jalon haukubali kuachana nayo:
huifuata ungoni, huifuata kinuni,
hujifanya punje.

Ndiyo maana mama yangu, Kesso, huiosha.
Hukaa juu ya jiwe kijitoni, kibuyu kipana mapajani,
huzungusha kiganja, humimina maji na punje pamoja
katika kibuyu cha pili,
na mchanga hubaki chini ya kile cha kwanza,
mwembamba kama mwezi mwandamo.
Tena. Na tena.
Kwa mgeni, mara saba.
Kwa Ulaya, alisema mwenyekiti wa ushirika, mara kumi na mbili,
maana kule kuna mashine inayohesabu.

Mwaka juzi mashine ilihesabu.
Magunia mia nne yalilala bandarini Havre wiki tisa,
kisha ikaja barua: mmevuka kiwango.
Mama akanipigia: "Walipata mchanga kiasi gani?"
Nikasoma karatasi. Katika kilo nzima, nikamwambia,
hata ncha ya kijiko haijai.
Akanyamaza.
"Hao watu," akasema, "wana meno ya namna gani?"

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Wahenga hawakutaja nani hujaza kontena,
wala nani hulipia gati kontena likikataliwa.

Kwenye pakiti yupo mwanamke anacheka. Simjui.
Nyuma yake shamba limestawi, limeinamisha vichwa:
mtama.
Nilimwambia Maëlle wa idara ya mauzo, huu ni mtama.
Akasema, rangi yake imependeza.

Yuro nane, gramu mia nne.
Na sokoni Labe nako bei imepanda ngazi hiyohiyo;
shangazi Jaraye siku hizi huuza yote, hadi ya mwisho,
kisha jioni hupika mchele uliokuja kwa meli.
Hajalalamika. Paa lake ni la bati jipya.
Husema tu kwamba mchele unashibisha haraka
na unaondoka haraka.

Karibu na kufunga alikuja mwanamke,
koti juu ya sare ya hoteli, mikono inanuka klorini.
Kijiko hakukitaka.
Alichota punje mbichi kwenye bakuli la maonyesho,
akaziweka kati ya meno ya mbele, akafumba macho,
akatafuna kama anayesikiliza.

Maneno yangu matatu yakanikauka.
Nilisimama kama mtoto anayengoja majibu
ya mtihani alioufanya mamaye.

"Haina mchanga," akasema kwa Kibambara,
ambacho nakielewa nusu. "Hata mmoja."
Akageuza pakiti: mbele, nyuma, chini,
akapita cheti, tarehe, nembo ya jani,
bado anatafuta.
"Nani ameiosha?"

Tangu saa nne hakuna aliyeniuliza hilo.
Nikavua aproni kwanza.
Kesso, nikaanza. Jaraye. Dalanda mwenye kidole kilichopinda.
Binti yake Dalanda, aliyeacha shule msimu ule wa barua...

Pakiti aliirudisha rafuni, yuro nane ni yuro nane.
Lakini hakuondoka
hadi jina la mwisho.